Upande wa Sifuna

Kompyuta ya mjukuu wangu Sifuna ilikuwa na pande mbili. Ukiiwasha, kabla haijafanya lolote, inakuuliza unataka kuingia wapi. Upande wa kwanza ni wa Windows, na huo ulikuwa wetu sote hapa nyumbani. Mama yake alikuwa akiangalia mahubiri humo, jirani akija anaandika barua ya kuomba kazi, na mimi naonyeshwa picha za harusi za kwetu Kimilili. Upande wa pili ulikuwa wake peke yake. Huo una kufuli, na kufuli lenyewe ni maneno tu unayoandika. Usipoyajua, kila kilichomo ndani kimesagwa kama unga, huwezi kujua hii ni picha au hii ni barua.

"Hata mwizi akiibeba, Kukhu, atapata bati," aliniambia siku alipoifunga. Kukhu ni bibi kwa lugha yetu.

"Na mimi nikitaka kuchungulia?"

"Wewe? Wewe utanisumbua mpaka nikufungulie mwenyewe."

Aliifunga kwa sababu tunaishi nyumba ya kupanga Ruiru, na kwenye ploti yetu laptop huibwa mwenyewe akiwa bafuni. Tena ndani yake ndimo alimoweka kazi ya kumaliza chuo. Alikuwa mwaka wa mwisho kule Thika. Miezi mingi alikwenda Gatuanyaga, akazunguka kwenye vumbi na mzee mmoja Mkamba, Munyao, wakiuliza wafugaji wanavyojua mnyama ni mgonjwa. Ng'ombe akilala hivi wanasemaje, mbuzi akikohoa vile wanampa nini. Hayo yote akayageuza kuwa kitu cha kwenye simu. Mfugaji anasema anachokiona, simu inamwambia aite daktari wa mifugo haraka au angoje. Alinionyesha siku moja. Nikaiambia mbuzi wangu anatoa povu, nayo ikaniuliza, amekula nini? Nikacheka mpaka machozi. Sikuwa na mbuzi.

Halafu pikipiki ikamgonga pale Githurai 45 akivuka. Kichwa kikagonga ukingo wa lami. Waliomwokota walimwokota vizuri, Mungu awabariki, lakini begi lake halikufika hospitali, na flashi aliyokuwa amenakilia kazi yake ilikuwa ndani ya hilo begi. Kompyuta ilikuwa nyumbani, salama.

Aliporudi kutoka wodini alikuwa Sifuna na hakuwa Sifuna. Alinijua. Alimjua mama yake, Jentrix, mke wa marehemu mwanangu. Lakini ukimpa gazeti anasoma mstari, akifika mwisho mwanzo umeshapotea, anarudi, anapotea tena. Alichukua vitabu vyake vya chuo akaviangalia kama vitu vya mgeni.

"Niliandika mimi haya?"

"Ni mwandiko wako."

"Mwandiko ninaujua. Ni maana ndiyo siijui."

Mwalimu wake, Bwana Wainaina, alipiga simu akazungumza na Jentrix kwa upole sana. Alisema kamati ya chuo itakaa Ijumaa ya mwisho wa muhula. Alishamwombea Sifuna muda na hawezi kuomba tena. Hawahitaji aje kueleza kwa maneno mengi, wanajua hali yake. Kazi tu iletwe. Ikiwepo, watamhesabu amemaliza. Isipokuwepo, atatolewa kwenye orodha, na kuanza upya ni mwaka wa kwanza. Sisi sote watatu tulijua kwamba kwa kichwa kile hakuna mwaka wa kwanza.

Kwa hivyo kilichobaki ni hayo maneno ya kufuli, na Sifuna alikuwa ameyasahau.

Alijaribu. Alikaa kitandani na ile mashine magotini, ikamwonyesha ule mstari mweupe unaopepesa ukingoja. Akaandika majina ya dada zake, siku aliyozaliwa, jina la kanisa, jina la msichana mmoja ambaye mimi sikuwa nimeambiwa habari zake. Mashine ikikataa haipigi kelele. Inaandika tu kwamba sivyo, halafu inangoja tena. Nilimwambia ina adabu kuliko watu. Hakucheka.

Tukaipeleka kwa Njau, fundi wa kompyuta mjini Thika, ana kibanda ghorofani juu ya duka la mbegu. Njau ni kijana mnene mwenye maneno mengi. Alichomeka flashi yake, akaifanya ile mashine iamke kwa flashi badala ya kwa tumbo lake, akaangalia.

"Cucu, iko hapa," akaniambia, kwa neno la Kikuyu la bibi, akigonga kioo kwa kidole. "Hii yote kubwa ni yake. Imejaa. Iko fiti kabisa, haijaguswa. Anipe password nafungua sasa hivi, unakunywa chai ukiona."

"Na bila hiyo?"

"Bila hiyo hata ungekuja na serikali." Akamgeukia Sifuna. "Msee, si ulikuwa unaandika hiyo kitu kila asubuhi? Itakuja. Usiifukuze. Ilikuwa refu?"

"Ndefu," Sifuna akasema. "Nakumbuka ilikuwa ndefu. Nilikuwa naiandika kama naimba."

Basi tulirudi nyumbani na hilo neno moja, kama naimba. Nesi wa kliniki alipoona macho yake yamekuwa mekundu akamkataza kukaa mbele ya kioo. Apumzike, maumivu ya kichwa yakiisha ndiyo arudie. Nikaifunga mashine kwa leso na kuiweka chini ya kitanda changu. Nilipoiweka hapo ilikuwa bado nzima.

Jumamosi iliyofuata tulifanya maombi ya shukrani. Kwetu mtu akitoka hospitali huwezi kukaa kimya kama aliyeiba. Unaita kanisa, unapika, watu wanashukuru pamoja nawe. Tulikodi hema, viti vikajaa hadi nje ya geti. Kelele zilimuuma Sifuna kichwa, akaenda kulala kwa jirani nyuma. Akina mama wa kwaya wakataka nyimbo zao zichezwe watu wanapokula, na spika ilikuwepo. Jentrix akaja akainama, akaitoa kompyuta chini ya kitanda.

"Mama, si naiwasha tu upande wetu?"

"Washa," nikasema. Upande wetu haukuwa na neno.

Sasa, ile flashi ya kwaya ina tabia zake. Inazunguka nyumba zote za ushirika, leo iko kwa huyu, kesho kwa yule, na kila nyumba inaiongezea virusi vyake. Kila mara ukiichomeka inakuambia imeharibika, lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Akina mama wamezoea. Wanasema ndio, inafutwa, halafu katibu wa kwaya, Zacharia, anairudishia nyimbo kutoka kwa simu yake. Imekuwa hivyo mwaka baada ya mwaka, hata hakuna anayesoma maandishi tena.

Jentrix akachomeka, akafungua kile alichokiona. Maandishi yakaja.

"Inasema ifomatiwe!" akaita.

"Si ni hiyo flashi ya kwaya?" mmoja akajibu kutoka nje, mdomo umejaa chapati. "Sema ndio!"

"Nyimbo zitapotea."

"Zacharia anazo! Sema ndio, dada, watu wanangoja!"

Akasema ndio. Ikachukua muda mfupi tu, hata uji haungepoa. Kisha akaangalia, na nyimbo zote zilikuwa pale pale kwenye flashi, hakuna hata mmoja uliopotea. Akapiga kigelegele. Akina mama wakaingia kuona, wakasema Mungu ni mkubwa, leo hata shetani wa flashi ameshindwa. Tukaimba. Mimi pia niliinuka na goti langu hili nikacheza, nikimshukuru Mungu kwa kunirudishia mtoto.

Ile iliyofutwa haikuwa flashi. Windows haijui kusoma upande wa Sifuna. Ikiuona, inauona kama kitu kilichoharibika, inauliza kwa maneno yale yale, na herufi ambazo Windows huzitaja kwazo, ya flashi na ya ule upande, zilikuwa zimefuatana kama nyumba mbili za ploti moja. Haya nilielezwa baadaye. Siku ile sisi tulikuwa tunacheza.

Wiki zilizofuata Sifuna alifanya kazi bila mashine. Alikuwa anakaa nami nikichambua maharagwe, amefumba macho, vidole vikitembea juu ya goti. Wakati mwingine vinakwenda mbali kidogo, vinasimama. Anavirudisha mwanzo. Sikumuuliza. Nikiwa na maharagwe naweza kukaa na mtu siku nzima bila kumuuliza kitu. Jentrix akirudi kutoka kiwandani Thika asubuhi, macho yamemvimba kwa zamu ya usiku, neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa hilo hilo.

"Imekuja?"

"Bado, Mayi."

Anavua viatu, analala.

Na siku moja ikaja. Alikuwa anaosha masufuria. Nilisikia sufuria inaanguka, nikafikiri ameanguka yeye.

"Ng'ombe!" akapiga kelele. "Kukhu, ng'ombe wa Kuka!"

Mume wangu alikuwa na ng'ombe wanne, akawapa majina kama mabinti, kila mmoja kwa msimu aliozaliwa. Jioni walikuwa wakiingia bomani kwa mpango wao wenyewe, aliyezoea mbele yuko mbele, na Sifuna alipokuwa mdogo alikuwa anasimama langoni akiwaita wanavyopita. Nafula, Nanjala, Nekesa, Nasimiyu. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la siri, wale ng'ombe wakiingia nyumbani.

"Nafula mbele," akasema, mikono inadondosha povu. "Halafu Nanjala. Halafu Nekesa, au Nasimiyu? Kukhu, nani alikuwa wa mwisho?"

Nikafikiri. Nikaliona lile boma, nikauona mkia wa wa mwisho ukiingia, lakini kichwa chake sikukiona. "Nasimiyu," nikasema. "Nafikiri Nasimiyu. Alikuwa mvivu."

"Nasimiyu! Hata vidole vinakubali!" Akanikumbatia, akanilowesha kifua chote. Tangu pikipiki, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema jambo akiwa na hakika. Alirudia majina yale manne akizunguka chumba. Uso wake ulikuwa ule wa zamani.

Tukaitoa kompyuta, tukaiwasha, akachagua upande wake. Akangoja ule mstari mweupe. Haukuja. Yalikuja maandishi madogo kwenye weusi, kwamba inangoja kitu fulani, na baada ya muda kwamba kitu chenyewe hakionekani.

"Imechoka tu," nikasema. "Imekaa sana chini ya kitanda."

Akaizima, akaiwasha. Ikangoja tena, ikakosa tena.

"Haiulizi," akasema. "Kukhu, mbona haiulizi?"

Hiyo ilikuwa Jumanne, na Ijumaa ndiyo ile ya kamati. Kesho yake tukawa kwa Njau.

Njau alitupokea kwa furaha. "Umeipata? Si nilikuambia! Cucu, leta kiti." Akachomeka flashi yake kama siku ile. Akaandika, akaangalia, akaandika tena. Maneno yake mengi yakapungua, yakapungua, mpaka nikawa nasikia watu wanabishana bei ya mahindi ya mbegu duka la chini.

"Nani amegusa hii mashine?" akauliza.

"Hakuna," Sifuna akasema.

"Kuna mtu. Hapa palikuwa na kufuli, niliona kwa macho yangu. Sasa pameandikwa kitu cha Windows. Ni kitupu. Imefomatiwa, msee."

"Lakini vitu viko? Ulisema imejaa."

"Vitu labda viko, vingi. Lakini sikiza." Akageuza kiti akatuangalia sote wawili, na nilimheshimu kwa hilo, kwamba hakusema akiwa anatazama kioo. "Password yako haikuwa ufunguo wenyewe. Ufunguo wenyewe ulikuwa umewekwa mwanzo kabisa wa hiyo sehemu, kwa kijisanduku kidogo. Password ilikuwa ya kufungua kijisanduku. Ukifomati, mwanzo ndio huandikwa juu. Nimetafuta kama kuna kopi yake. Hakuna. Ulikuwa umeweka kopi mahali?"

Sifuna alifikiri muda mrefu. "Kama niliweka, ni kwa ile flashi ya begi."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi imeisha, bro. Pole. Hata nikupeleke kwa nani. Atakayekuambia anaweza anakudanganya."

Nilidhani atalia. Aliuliza kitu kingine kabisa. "Neno langu, lakini, lilikuwa sawa? Nafula, Nanjala, Nekesa, Nasimiyu. Unaweza kuliangalia tu kama lilikuwa sawa?"

Njau akakuna shingo. "Siwezi. Cha kuulizwa hakipo. Huwezi jaribu ufunguo kwa mlango umeng'olewa."

"Kwa hivyo sitajua kama nilikumbuka."

"Msee, mimi nakuamini."

"Sikuulizi kuamini," Sifuna akasema, bila hasira. "Naweza kuwa nimejitungia tu. Siku hizi najitungia vitu. Juzi nilikuwa na hakika tulikuwa na mbwa."

Hatukuwahi kuwa na mbwa. Nilitaka kumwambia ng'ombe ni kweli, niliwakama mimi mwenyewe, na nikamwambia hivyo pale pale. Lakini kuhusu nani alikuwa wa mwisho nilinyamaza, kwa sababu alikuwa ananiangalia, na sikuwa na hakika.

Njau akasoma kitu kwenye kioo. "Inaonyesha ilifanyika lini," akasema, akataja tarehe.

Sifuna akahesabu kwa vidole, polepole, kama anavyohesabu sasa. "Siku ya maombi," akasema.

Njau alikataa malipo. Akatufungia mashine kwenye mfuko wake mwenyewe wa dukani, akatusindikiza hadi chini, akasimama na sisi pale penye mbegu kama mtu aliyekuja matanga na hajui aondoke saa ngapi.

Tulipobaki wawili Sifuna akaniuliza, "Nani alikuwa kwa mashine siku ile?"

Ningeweza kusema walikuwa wengi. Walikuwa wengi kweli. Lakini mtoto ambaye kichwa chake kinamdanganya, mimi nikimdanganya pia atashika wapi?

"Mama yako," nikasema. "Alifikiri ni flashi ya kwaya. Walimwambia aseme ndio."

Akatembea kidogo. Alitembea kwa ule mguu wake unaochelewa, akiwapisha watu wenye mikokoteni, akisema samahani kwa kila mmoja hata wasiomgusa.

"Aliimba sana siku ile," akasema. "Nilimsikia kutoka kwa jirani."

"Aliimba."

"Kukhu, usimwambie."

"Atauliza."

"Nitajibu mimi."

Tulifika Ruiru Jentrix akijiandaa kwenda zamu. Alikuwa amevaa ovaroli ya kiwanda, nywele nusu zimefungwa, kichana bado kimo. Nilikuwa nimeacha nimepika tangu asubuhi, yeye akapakua, sahani tatu, akaziweka mezani kabla hajauliza. Kisha akaona mfuko wa Njau.

"Imefunguka?"

"Bado, Mayi," Sifuna akasema.

"Bado vipi na umelipata neno?"

"Neno liko. Mashine ndiyo ina shida kidogo. Njau anaiangalia."

"Anaiangalia na umeibeba?"

Hapo alikwama. Nikaona anatafuta, na kutafuta siku hizi kunamtoa jasho. "Anaangalia vile atafanya," nikasema mimi. Ndivyo nilivyoingia nami kwenye uongo huo.

Jentrix akatutazama, mmoja, halafu mwingine. Yeye ni mtu wa imani. Akiona mlango umekwama hafikiri fundi, anafikiri Mungu anangoja kuombwa. Akafunga nywele zilizobaki.

"Leo Jumatano," akasema. "Basi nafunga. Leo, kesho, mpaka kamati ikae. Sili wala sinywi. Ile siku ya maombi tulimwomba kitu kidogo sana, tulimwomba nyimbo, akatupa. Sasa namwomba hii."

"Mayi, unasimama usiku mzima kwa mashine za watu," Sifuna akasema. "Kula."

"Nitasimama."

"Mayi, tafadhali. Kula."

"Wewe ni mgonjwa, ndiyo maana unaogopa kila kitu." Akamshika kichwa, pale penye kovu, akamwombea kwa sauti ya chini, maneno machache. Kisha akaisukuma sahani yake katikati ya meza. "Mle nyinyi. Isitupwe."

Akachukua mkoba, akatoka. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi, vikasimama chini akimsalimia jirani, akimwambia Ijumaa waje wasikie habari njema. Sifuna alikuwa ameinuka nusu, mkono kwenye meza, mdomo wazi. Nilingoja amwite. Viatu vikaanza tena, vikaenda hadi getini, na geti likafungwa, naye alikuwa bado amesimama vile vile, hakukaa, hakuita.